Siku tano Mafia, saa ya mkononi ikanidanganya (uzi mrefu, chukua chai)

#1 Mtembezi wa Mbagala

Wakuu, heshima kwenu. Niliahidi nikirudi Mafia nitaleta mrejesho, na ahadi ni deni. Mwenye haraka apite, wengine tuendelee.

Kwanza tuelewane, maana kuna shemeji yangu nilipomwambia naenda Mafia aliniuliza kama nimeanza kuuza unga. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, visiwa vilivyokaa mkabala na midomo ya mto Rufiji. Upande wa kusini na mashariki, pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, ndiko kuliko na Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Ilitangazwa 1995, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, kilomita za mraba 822, na sehemu kubwa ni maji. Haiko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ina taasisi yake ya hifadhi za bahari chini ya wizara ya uvuvi. Kwa hiyo usiende ukitafuta geti lenye sanamu ya simba.

Na humo ndani kuna watu. Vijiji zaidi ya kumi, misikiti, shule, mashamba ya minazi, kuku. Wengine mnaposikia hifadhi mnafikiria Serengeti, binadamu nje wanyama ndani. Huku mvuvi na samaki wote ni wenyeji.

Sasa safari, ilikuwa Novemba. Ndege ndogo zipo kutoka Dar, kama nusu saa tu umefika Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, lakini mfuko wangu ulisema boti ya bandari ya Nyamisati. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, barabara ya Kilwa mpaka Bungu, kisha unakata kushoto kuelekea bandarini. Kwenye simu niliambiwa boti inaondoka asubuhi. Kichwani kwangu asubuhi ni saa mbili. Nikalala Bungu, nikadamka na bodaboda, saa mbili kasorobo niko Nyamisati najisifu.

Boti niliikuta. Imelala ubavu kwenye tope jeusi, kamba ya nanga imelegea, kaa wanapita chini ya mkuku wake. Maji yako mbali kule, yanang'aa kama kibati.

Mama muuza chapati akaniangalia nilivyosimama na begi mgongoni. "Mwanangu, jana mwezi ulikuwa mpevu. Leo bamvua, maji ya kujaa na kupwa sana. Yanatoka mpaka saa nne na ushee. Vua begi unywe chai." Nikamwambia nimeambiwa asubuhi. "Aliyekwambia hakutazama juu."

Tuliondoka saa nane mchana. Na hilo, wakuu, ndilo somo lililonifuata siku zote tano, nami nilichelewa kulielewa. Naendelea kesho.

#2 Kobe Mzee

Nimeweka jamvi hapa. Shusha vitu mkuu.

#3 Dogo Janja wa Temeke

Picha ziko wapi? Uzi bila picha ni hadithi za Abunuwasi.

#4 Nahodha Mstaafu

Mama chapati kakufundisha bure, kijana. Kwa pwani yetu yote, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana alfajiri na jioni kwenye saa kumi, saa kumi na moja, na hupwa sana saa nne, saa tano. Kila siku yanachelewa, dakika hamsini hivi kwa wastani. Baada ya wiki moja yanageuka: maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Ukijua mwezi una siku ngapi, unajua boti itaelea saa ngapi. Hakuna haja ya kumpigia mtu simu.

Na ulipotoka kwenye mikoko ya Rufiji ulipita kando ya kaburi la chuma. Manowari ya Wajerumani Königsberg ilijificha humo kwenye delta miezi mingi, Waingereza wakashindwa kuingia na meli kubwa kwa sababu hiyohiyo ya kina cha maji. Walikuja kuiteka Mafia Januari 1915, wakaifanya kituo cha ndege za kuwaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ikawa imekwisha. Ndege vitani, Mafia, mwaka 1915! Wajukuu zangu hawaamini.

#5 Mtembezi wa Mbagala

Shikamoo mzee. Hilo la ndege sikulijua kabisa.

Tuendelee. Nilifika Kilindoni jua linazama. Mji mdogo, soko la samaki, nazi kila kona. Siku ya pili asubuhi nikaenda kumwona potwe.

Kwa wasiojua, papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Hali watu, anakula vitu vidogo vidogo kama uduvi. Kuanzia Oktoba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapotawala na bahari kutulia, wanaonekana hapohapo mbele ya Kilindoni, wala huendi mbali. Wengi wao ni madume vijana. Yule niliyemwona nahodha alimkadiria mita sita, akasema "huyu bado mtoto".

Nilivaa miwani na mrija, nikatumbukia. Miwani ikaingia maji, nikaibuka nakohoa. Nahodha anapiga kelele: "Chini yako! Chini yako!" Nikazamisha uso. Ukuta wa kijivu wenye madoa meupe unapita polepole kama basi la mwendokasi linalokaribia kituo. Mbele ya mdomo wake visamaki vya manjano vinakimbia kwa mistari, vidogo kama kidole, vimejipanga kama askari wa pikipiki mbele ya msafara. Jicho lake dogo mno kwa mwili ule, kama kifungo cha shati. Lilizunguka, likanitazama, likaacha. Sikuwahi kudharauliwa vizuri namna ile.

Sasa na kasoro niseme. Tulikuwa boti tano juu ya samaki mmoja. Sheria za kumwona zipo na nahodha alitusomea kabla: usimguse, usimkaribie mkiani, usimzibie njia mbele, usiwashe taa ya kamera. Boti nyingine walitumbukiza watu kumi kwa mpigo, mmoja akamshika pezi ili apigwe picha. Samaki akainamisha kichwa akazama, akapotea. Wote tukabaki tunaelea tunaangaliana. Nahodha wetu alinyamaza mpaka tukarudi ufukweni, ndipo akasema, "Mmoja kawafukuzia wote."

#6 Msafiri wa Lamu

Huku pwani ya Kenya huyo twamwita papa shilingi. Wazee husema Mungu alimrushia shilingi mgongoni akapendeza, ndiyo yale madoa. Mimi hupenda jina hilo kuliko potwe, samahanini majirani.

Swali: potwe yuko ndani ya hifadhi au nje? Kwetu Kiunga kuna hifadhi ya bahari tangu 1979, visiwa na kasa tele, lakini wageni ni wa kuhesabu kwa sababu ya usalama wa mpakani na Somalia. Twawaonea wivu nyie.

#7 Kijana wa Jibondo

Msafiri, umegusa penyewe. Yuko NJE. Hifadhi iko kusini na mashariki, potwe anakaa magharibi, mbele ya Kilindoni, ambapo watu wanavua dagaa usiku kwa taa. Kile anachokifuata potwe ndicho kinachofuatwa na dagaa, na dagaa wanafuatwa na sisi. Wavuvi wanampata ndani ya nyavu mara kwa mara, wanashusha nyavu wanamtoa. Ukimwua hupati kitu na wavu umechanika.

Watafiti walimfunga vifaa vya kufuatilia wakagundua wengi hawaondoki Mafia hata msimu ukiisha. Wanahamia kina kirefu, mbali kidogo na ufukwe, sisi tunafikiri wamekwenda Msumbiji. Madoa yao ni kama alama za vidole, kila mmoja ana yake, kwa hiyo wanajulikana kwa picha tu.

Sasa nije kwako Mtembezi. Nimezaliwa Jibondo. Umeandika vizuri "mvuvi na samaki wote ni wenyeji". Lakini hukusema kwamba wenyeji hao wawili walikorofishwa. Hifadhi ilipoanza, wazee wetu waliunga mkono, maana miaka ya themanini na tisini mwamba ulikuwa unalipuliwa kwa baruti mchana kweupe. Unasikia "duu", baadaye samaki wanaelea matumbo juu, nusu yao wanazama bila kuokotwa. Waliotuletea baruti wengi walikuwa watu wa kutoka nje. Tukasema sawa, hifadhi ije iwatoe hawa. Wakatoka. Halafu zamu ikawa yetu: wavu huu hapana, hapa usivue, pale ni eneo la kiini hata mshipi usitupe. Jibondo ardhi yake ni mwamba mtupu, hulimi mpunga, hulimi muhogo wa maana. Ukimwambia mtu wa Jibondo asivue umemwambia asile.

Sisemi hifadhi ifutwe. Nasema mgeni akija ajue hilo, asije anatutazama kama waharibifu tukipita na ngalawa mbele ya kamera yake.

#8 Dada wa Upanga

Kijana wa Jibondo, nakuelewa, lakini tuambie ukweli: samaki wameongezeka au hawajaongezeka tangu baruti iondoke?

#9 Kijana wa Jibondo

Dada, nakujibu kwa haki. Changu na tasi kwenye ghuba ya Chole wamerudi, hilo halina ubishi. Pweza inategemea. Kamba kochi hamna kitu. Na si baruti peke yake iliyoharibu. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la El Nino, matumbawe yakawa meupe pee, mwamba wa Kitutia ukafa sehemu kubwa. Marehemu babu alikuwa anasema alidhani mtu kamwaga chokaa. Sasa hapo utamkamata nani?

Sehemu ya kiingilio mnacholipa inarudi vijijini, hilo nalo niliseme. Kinachobishaniwa ni kiasi na ni kwa mkono wa nani.

#10 Mtembezi wa Mbagala

Kijana wa Jibondo, nimepokea. Na mimi nilipita na boti mbele ya ngalawa zenu nikipiga picha, kwa hiyo imenigusa.

Kitutia nilifika siku ya tatu. Nilichokiona kinaendana na maneno yako: chini kuna vifusi vya matumbawe ya zamani, vijiti vilivyovunjika kama mifupa ya kuku, na juu yake yameota mapya, mengine makubwa kama meza ya kulia. Samaki wa rangi zote, kasa mmoja alinipita bila salamu. Wanasema hifadhi nzima ina aina za samaki zaidi ya 400. Mimi najua majina kumi na mawili, nayo ni yale ya sahanini.

Kiingilio cha hifadhi nililipa kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Utende. Mtanzania analipa kwa shilingi, mgeni kwa dola. Ukitoka Kilindoni mpaka Utende ni lami, kilomita kumi na nne hivi, bajaji zipo. Utende ndipo unapovukia kwenda Chole.

Chole nilikaa usiku mmoja. Ni kisiwa unachokizunguka kwa miguu bila kutoka jasho la maana, lakini zamani ndipo palikuwa makao ya watawala, Waarabu kisha Wajerumani, kabla ya makao kuhamia Kilindoni. Magofu yapo, mibuyu imeyakalia. Na popo! Popo wakubwa wenye sura ya mbwa, ndugu zao wako Komoro na Shelisheli. Mchana wamening'inia mtini kama miavuli iliyofungwa, wanagombana. Magharibi wanaondoka kwa makundi kuelekea kisiwa kikubwa kutafuta matunda. Nilikuwa nimekaa na mafundi wanaotengeneza mashua pale pwani, nikauliza kwa nini hawawafukuzi. Fundi alikuwa anapigilia kalafati kwenye upenyo wa mbao, pamba iliyolowa mafuta, anaisukuma kwa patasi butu, tak tak tak. Hakuinua kichwa. "Wanakula maembe yao, sisi tunakula yetu."

#11 Dogo Janja wa Temeke

Bado nasubiri picha. Lakini hii ya popo nimeipenda.

#12 Mama Nasri

Naomba niongeze lililonitokea mimi, maana mwenye uzi alikwenda Novemba na huo si msimu wa kasa kuanguliwa.

Mimi nilikwenda mwezi wa nane na wanangu wawili, mmoja miaka 6 na mwingine 9. Kisiwa cha Juani, upande wa bahari kuu, kasa wa kijani wanapanda kutaga. Shirika la Sea Sense linafanya kazi na wanakijiji tangu mwaka 2001, kuna walinzi wa kasa ambao ni vijana wa hapohapo. Wanatembea ufukweni kila asubuhi kabla jua halijafuta nyayo. Wakikuta kiota kiko chini mno, maji yatakifikia, wanahamisha mayai juu zaidi. Wanaandika tarehe, na kiota kikikaribia siku hamsini na kitu wanajua lini waite wageni. Kuangalia unalipia, na fedha zinagawiwa kijijini.

Tulivuka kwa boti, tukatembea msituni kama saa moja kwenye njia ya mawe makali (msiende na kandambili, nawaambia). Mlinzi akapiga magoti akaanza kuchimba kwa viganja, taratibu kama anatafuta hereni iliyoanguka. Mchanga ukaanza kuchemka. Kikatoka kichwa kimoja, kisha vyote kwa pamoja, weusi, wamejaa mchanga machoni. Mwanangu mdogo alitaka kuwabeba awapeleke majini, akaambiwa hapana, mwenyewe lazima atembee. Akawa anawatembeza kwa maneno: "Twende, twende, usigeuke." Mmoja alitumbukia kwenye alama ya kisigino cha mtu akashindwa kutoka. Toka hapo mtoto akawakaripia watu wazima wote wafute nyayo zao.

Walipokwisha kuingia majini, mlinzi alifukua maganda yote akayahesabu mojamoja, akaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Waliokufa ndani ya yai nao aliwaandika.

#13 Dada wa Upanga

Mama Nasri umeniliza. Hali ya bahari ilikuwaje mwezi huo na watoto? Naogopa boti.

#14 Mama Nasri

Mdogo wangu, mwezi wa nane ni msimu wa upepo wa kusi. Bahari nje inachafuka, nisikudanganye, mkubwa alitapika. Kwa watoto nakushauri mpande MV Kilindoni, ile ya serikali iliyoanza 2021, usiingie boti ndogo. Ndani ya ghuba ya Chole kumetulia miezi yote. Na mvue viatu vya mjini: kisiwani watu ni Waislamu wengi, mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni. Khanga mbili zinakutosha kila mahali.

#15 Mtembezi wa Mbagala

Asante sana Mama Nasri, huo sasa ndio mrejesho.

Nimalizie aibu yangu. Siku ya nne, Juani, magofu ya Kua.

Nahodha alinichukua Utende kwa mashua ndogo, tukaingia kwenye mkondo mwembamba kati ya mikoko, saa nne asubuhi tukafunga kamba. Aliniambia wazi: "Saa tano tuwe tunatoka. Maji yanapwa." Nikasema sawa.

Kua ni mji mzima uliolala. Misikiti, makaburi, jumba lenye kuta za ghorofa, mizizi minene imekumbatia mawe mpaka hujui kipi kimeshika kipi. Watu waliuhama baada ya Wasakalava wa Madagaska kuuvamia karibu na 1829. Hakuna kelele, hakuna muuza soda. Nilikuwa napiga picha ya mihrabu, nikasikia "Bwana! Bwana!" nikajibu nakuja. Nikaona kisima. Nikaona kaburi lenye alama za bakuli zilizokuwa zimepachikwa kwenye plasta. Nikaangalia saa: tano na dakika ishirini. Nikajiambia dakika ishirini si kitu.

Wakuu, dakika ishirini ni kitu. Niliposhuka, mashua ilikuwa inaelea kwenye maji ya magotini. Tukasukuma. Tukaenda kama mita mia, ikakaa. Nahodha akashika upondo akasukuma, upondo ukazama kwenye tope hadi nusu, akauchomoa akauweka chini. Akakaa. Akatoa kopo la maji, akanywa, akanipa. Halafu akaniambia kwa upole kabisa: "Sasa piga picha, bwana. Nafasi unayo mpaka saa tisa."

Tulikaa hapo kwa muda wa saa tatu. Mimi na yeye, mikoko, na korongo mweupe mmoja aliyekuja kutuchunguza. Jua la utosi. Ndipo aliponisimulia kisa cha Kua na Kisimani, ule mji wa upande wa pili wa Mafia ambao sasa bahari imeumeza. Watu wa Kisimani walikuwa wanashusha jahazi jipya, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe. Badala ya magogo ya kuviringishia jahazi wakalaza watoto wa Kua. Watu wa Kua hawakusema neno. Wakangoja miaka. Kisha wakawaalika wa Kisimani kwenye harusi, wakawakaribisha kwenye chumba cha chini ya ardhi, chakula, ngoma, na wenyeji wakatoka mmojammoja wakauziba mlango kwa mawe.

Nikamuuliza, ni kweli? Akatazama maji, yalikuwa yameanza kurudi, povu jembamba linapanda kwenye mizizi. "Mimi nikialikwa harusi," akasema, "kwanza naangalia mlango uko wapi."

#16 Nahodha Mstaafu

Hahaha! Huyo nahodha mwungwana. Enzi zangu ningekusukumisha.

Kisa hicho nilikisikia kwa bibi, kwake walikuwa watoto saba. Kila nyumba ina idadi yake.

#17 Kobe Mzee

Mkuu na kiboko je? Niliambiwa Mafia kuna viboko nikacheka.

#18 Kijana wa Jibondo

Usicheke. Wapo, kisiwa kikubwa, kwenye mabwawa ya ndani. Inasemekana walisombwa na mafuriko ya Rufiji wakaogelea hadi huku. Usiku wanaingia kwenye mashamba ya mpunga, ukikutana na mwenye shamba usimwulizie utalii.

#19 Msafiri wa Lamu

Na kile kimbunga cha Hidaya? Tulisikia kilipiga huko huko.

#20 Kijana wa Jibondo

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, hapohapo Mafia ndipo kilipotua. Tulikuwa tumeshatangaziwa, ngalawa tulizivuta juu tukazifunga kwenye minazi. Minazi ikaanguka na ngalawa zikiwa zimefungwa. Usiku ule upepo uligeuka mara mbili, mapaa ya makuti yakaondoka yote, ya bati yakakunjika. Asubuhi bahari ilikuwa rangi ya maziwa ya chai. Mjomba alitoka nje, akatazama, akarudi ndani akalala. Akaja kuamka adhuhuri akaanza kusuka makuti.

#21 Dada wa Upanga

Poleni sana ndugu zetu.

Mimi nimeshaamua, naenda. Nina likizo Desemba, wiki moja, nataka potwe na Chole na huko Kua, kasa nitarudi mwaka mwingine na watoto. Naomba makadirio ya matumizi na tarehe nzuri.

#22 Mtembezi wa Mbagala

Dada, bei nisikuandikie maana zinabadilika na mafuta. Nikupe mpangilio tu. Kilicho ghali ni boti: ukienda peke yako unalipia mashua nzima, mkiwa wanne mnagawana. Kwa hiyo tafuta wenzako pale Kilindoni au Utende, wageni wanatafutana. Malazi, Utende kuna mahoteli ya wazungu ya dola, na kuna nyumba za wageni za kawaida Kilindoni na Utende zenye neti na feni. Chakula ni rahisi na kitamu, nilikula pweza wa nazi na wali siku tatu mfululizo sikuchoka. Benki iko Kilindoni. Ukivuka kwenda visiwani beba fedha taslimu, noti ndogo ndogo. Tochi pia, na viatu vya kukanyagia mwamba, miiba ya baharini si ya kuchezea.

Tarehe namwachia Kijana wa Jibondo.

#23 Kijana wa Jibondo

Dada wa Upanga, usiniulize tarehe za kalenda ya ukutani. Potwe hajali mwezi sana, anataka bahari tulivu, amka mapema. Kitutia na kuogelea kwenye miamba nenda maji mafu, wiki ya mwezi nusu, mkondo wa Kinasi, ule mlango wa ghuba ya Chole kuelekea bahari kuu, unakuwa umelegea na maji safi. Kua nenda siku za maji yanayojaa kati ya asubuhi na adhuhuri, uingie yanapanda utoke yamejaa. Ukitaka kutembea kwa miguu kutoka Chole hadi Juani, hiyo sasa ni bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, na utembee na mtu wa huko. Akisema turudi, unarudi.

#24 Dada wa Upanga

Kwa hiyo nikija wiki ya mwezi nusu napata Kitutia na Kua, nakosa matembezi ya Juani?

#25 Kijana wa Jibondo

Ndiyo. Au kaa siku kumi upate vyote.

#26 Dogo Janja wa Temeke

Mtembezi, picha.

#27 Mtembezi wa Mbagala

Dogo, ninazo mia mbili na kumi. Mia moja na tisini ni za tope la Kua. Zinapanda sasa hivi, mtandao wa huku unasuasua.